Nyasi za Kijani Nyuma ya Jengo la Nne

Kiangazi kile nyasi zote za Irving zilikauka. Mbele ya ofisi ya meneja, kando ya maegesho, kwenye vile viwanja vyembamba vya kati ya jengo na jengo, kila mahali palikuwa na rangi ya kaki, na udongo mweusi wa Texas ulikuwa umepasuka nyufa za kuweza kuingiza mkono. Ni nyuma ya jengo la nne tu, mahali pasipozidi ukubwa wa kitanda cha watu wawili, ambapo nyasi zilikuwa ndefu na laini, kijani kibichi. Watoto walipenda kucheza hapo kwa sababu nyayo hazikuungua.

Mimi niliziona nyasi hizo mwezi wa sita. Nilielewa maana yake siku hiyo hiyo. Nikanyamaza.

Kabla ya kuja Marekani nilikuwa Bwana Afya kwa miaka kumi na moja, katika mji mmoja mdogo wa magharibi mwa Kenya. Nilikagua soko, bucha, hoteli, visima na vyoo vya shule. Nilikuwa na sare ya kaki na pikipiki ya serikali, na wenye hoteli walipousikia mlio wake kwa mbali walianza kusugua vikombe. Niliwahi kufunga bucha ya diwani siku ya mnada, watu wakitazama, na jioni yake nikalala usingizi mzuri tu. Watu walisema pua yangu inaweza kunusa choo kibovu kutoka ng'ambo ya mto. Walikuwa wakinitania, lakini nilijivunia.

Halafu mke wangu akashinda ile bahati nasibu ya viza, tukauza tulivyokuwa navyo, tukaja Irving kwa sababu binamu yake alikuwa akiishi hapo. Cheti changu cha afya ya jamii kilikuwa na muhuri mzuri, lakini hapakuwa na mtu aliyetaka kukitazama. Nikapata kazi karibu na uwanja wa ndege, kwenye jiko linalopika chakula cha abiria. Mimi sikuwa mpishi. Niliosha sinia. Zilikuja kwenye magari marefu, maelfu yake, zikiwa zimekaukia mabaki ya watu waliokuwa London asubuhi ile, nami nilisimama kwenye mvuke kwa saa nane huku buti zangu zikivuja. Mke wangu alipata kazi ya kutunza wazee katika nyumba yao, na siku zake za mapumziko alikuwa chuoni akisomea uuguzi. Tuliishi ghorofa ya juu ya jengo la nne.

Chini yetu aliishi mama mmoja Mkongomani, mjane, na wanawe watatu. Alikuwa ametoka Bukavu, akakaa kambini upande wa Kigoma miaka mingi, kisha akaletwa Texas. Alipanga maboksi kwenye ghala. Kiswahili chake na changu vilikuwa kama ndugu waliolelewa nyumba tofauti. Siku za kwanza tulicheka sana, kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Aliniita Papa, ingawa nadhani tulikuwa wa rika moja.

Siku moja ya mwezi ule wa sita alinisimamisha kwenye ngazi.

"Papa, kule kwenu juu, maji inarudiaka?"

"Maji gani, mama?"

"Ya mu bafu. Mukioshaka nguo kule juu, kwangu maji nyeusi inapanda. Inanuka sana. Inajaa, kisha inashuka polepole."

Akanikaribisha ndani nikaona. Beseni la kuogea lilikuwa na mstari wa uchafu kuzunguka ukingo wote, karibu shubiri mbili kutoka chini. Alikuwa amelisugua kwa klorini mpaka rangi ikabanduka, lakini mstari ulibaki. Watoto aliwaogeshea jikoni, ndani ya karai.

"Umewaambia ofisini?"

"Nimebaambia mara tatu. Balituma mutu moja na waya. Alikoroga, akaenda. Wiki moja, maji ikarudi."

Nilitoka kupitia mlango wa nyuma, na hapo ndipo nilipoziona zile nyasi. Nikachutama. Harufu haikuwa kali. Jua lilikuwa limeipunguza. Lakini ilikuwepo, na udongo ulibonyea chini ya kidole changu kama keki. Bomba la maji taka lilikuwa limevunjika chini ya nyumba. Sehemu ya uchafu ilirudi juu kwenye bafu la yule mama, na sehemu ilijitafutia njia ardhini ikaja kutokea hapo, mahali watoto walipokuwa wakibingirika.

Nilinyamaza kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi. Sehemu ilikuwa uchovu. Sehemu ilikuwa hofu, maana hatukuwa na pengine pa kwenda, na meneja alijulikana kwa kuwakumbusha watu tarehe ya mwisho ya mikataba yao. Lakini kubwa zaidi ilikuwa aibu. Nilijiambia kwamba Bwana Afya alibaki Kenya, na huyu aliyechutama hapa ni muosha sinia. Muosha sinia hakagui mabomba ya watu. Nikamwambia yule mama aendelee kuwasumbua ofisini, nikapanda ngazi, nikala, nikalala.

*

Mwezi wa nane, Jumatano moja alasiri, nilikuwa ndio kwanza nimevua buti niliposikia mlango ukipigwa kwa kiganja. Nilipofungua, alikuwa yeye, amembeba kitindamimba wake, msichana wa miaka miwili na nusu, ndani ya kitenge.

"Papa, muangalie. Hanijibu tena."

Nilimlaza mtoto kwenye kochi. Macho yalikuwa yamezama. Midomo ilikuwa imekauka ikatoka magamba. Nikaibana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, nikaiachia, nayo ikabaki imesimama kama mkunjo wa nguo. Nilikuwa nimeona ngozi ikisimama hivyo mara nyingi, mwaka wa kipindupindu kule kwetu, na sikudhani ningeiona tena kwenye chumba chenye zulia na kiyoyozi.

"Ameanza lini?"

"Juzi. Sasa inatoka na damu."

Mikono yangu ilianza kazi kabla sijaiamuru. Lita moja ya maji yaliyochemka, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Nikampa mama yake kikombe na kijiko. "Kijiko kimoja, subiri, kijiko kingine. Akitapika, subiri kidogo, uanze tena. Usiache." Nikamwita jirani wa mkabala wetu, kijana Mmarekani aliyepakia mizigo uwanja wa ndege, akakubali kukaa na wale watoto wawili wakubwa. Kisha tukaingia kwenye gari langu bovu, mimi na yule mama na mtoto, tukaenda hospitali. Njia nzima nilisikia kijiko kikigonga kikombe nyuma yangu. Nilipoacha kukisikia niligeuka kwa hofu, kumbe mama amemaliza kikombe, anatafuta chupa amimine tena.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, mpole, mwenye haraka. Walimtundikia mtoto maji, wakachukua vipimo. Halafu akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikizungumza Kiingereza, kama familia hii ilikuwa imetoka Afrika majuzi, kwa sababu ugonjwa wa namna hii mara nyingine watu huja nao.

"Wana mwaka na nusu hapa," nikasema. "Hawajasafiri. Ugonjwa huu ni wa Irving."

Aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Nikamweleza: bafu linalojaa, nyasi, watoto wanaocheza hapo, bomba lililovunjika chini ya sakafu ya zege. Nilijishangaa, kwa maana maneno yalitoka kwa mpangilio ule ule wa ripoti nilizokuwa nikiziandika zamani: chanzo, njia, waathirika. Alipouliza ninafanya kazi gani nilimwambia ukweli kwamba naosha sinia. Akaandika kwa muda mrefu. Akasema vipimo vikithibitisha, hospitali itaijulisha idara ya afya, na kwamba mimi nami niwaeleze jiji kuhusu jengo.

Mke wangu alikuja moja kwa moja kutoka kazini, bado amevaa sare yake ya zambarau. Alikwenda kwanza kwa mama wa mtoto, akamkumbatia, akakaa naye. Baadaye akanikuta kwenye korido.

"Hiyo bomba, ulijua tangu lini?"

Ningeweza kudanganya. "Mwezi wa sita."

Alitazama ukuta uliokuwa mbele yetu, uliobandikwa picha za samaki kwa ajili ya watoto. Kisha akakunja mikono ya sweta yake, kama mtu anayetaka kufua.

"Sawa," akasema. "Kesho unaanzia wapi?"

*

Nilianzia kwenye kalenda. Ilikuwa ya bure, ya duka la matairi, na nyuma ya kurasa zake palikuwa peupe. Nilichora jengo la nne: nyumba nne chini, nne juu, ngazi, mlango wa nyuma, nyasi. Jioni ya Alhamisi nilipotoka kazini nilianza kugonga milango, kalamu sikioni. Mke wangu alitembea nami, kwa sababu alisema mwanaume mweusi peke yake mwenye kalamu na karatasi anatisha watu.

Niliuliza maswali mawili tu. Je, maji hurudi bafuni? Je, kuna mtu aliyeharisha tangu kiangazi kianze? Kila jibu nililiwekea alama. Ghorofa ya juu hawakuwa na shida ya maji, lakini mtoto mmoja, binti aliyependa kucheza nyuma ya jengo, alikuwa ameumwa wiki mbili. Chini, nyumba tatu kati ya nne zilikuwa na maji ya kurudi. Katika moja ya hizo aliishi bibi mmoja wa Mexico, peke yake. Hakujua Kiingereza, na sisi Kihispania chetu kilikuwa salamu tu. Alimshika mke wangu mkono, akatuongoza mpaka bafuni, akatuonyesha. Alikuwa ameziba tundu la beseni kwa matambara na kuyakandamiza kwa tofali mbili. Kando palikuwa na ndoo. Kwa ishara alituonyesha anavyochota maji yale meusi kila asubuhi na kwenda kuyamwaga nje. Mikono yake ilikuwa na vidonda. Alituonyesha ndoo, akatuonyesha mgongo wake, kisha akainua vidole saba. Miezi saba.

Nilipomaliza, ramani ilikuwa wazi hata kwa mtu asiyejua kusoma. Alama zote zilijikusanya upande mmoja wa jengo, ule wa nyasi.

Ijumaa nilikwenda ofisini kwa meneja. Alikuwa mwanamke wa makamo, amechoka, feni ndogo ikimpulizia uso. Alinisikiliza mpaka nikafika katikati.

"Tatizo ni upishi wenu," akasema. "Mnapika ule uji mzito, mnaumwaga kwenye sinki. Unaziba mabomba."

"Ugali haumwagwi," nikamwambia. "Unaliwa ukaisha."

Nadhani karibu acheke. Badala yake alisugua macho, akaniambia mambo mawili. La kwanza, mwenye majengo anaishi Houston na hataki kusikia habari za kuchimba chini ya zege. La pili, mkataba wetu unaisha mwezi wa kumi. Alilisema hilo la pili kwa upole, akiangalia tarakilishi yake, kama anayenitajia hali ya hewa.

Nilitoka hapo nikiwa na hasira, lakini pia nikiwa mwepesi. Kwa muda wa miezi miwili nilikuwa nimeogopa kwamba ataniambia maneno hayo. Sasa alikuwa ameshayasema, na nilikuwa bado nimesimama.

Lililokuwa gumu zaidi lilikuwa kwa yule mama Mkongomani. Tulikuwa tumeandika barua kwa jiji na tulitaka watu waitie sahihi. Mtoto alikuwa bado hospitali, ingawa sasa alikuwa akilia kwa sauti, na sauti ile ilitufurahisha sote. Nilimpelekea barua pale pale kando ya kitanda. Aliikataa.

"Batatufukuza, Papa. Mimi nimefukuzwa mara ngapi? Nimefukuzwa kwetu. Nimefukuzwa njiani. Hapa nimepata mulango yenye ufunguo. Sitaki tena."

Mtu aliyenyamaza miezi miwili hana haki ya kumfundisha mwingine ujasiri. Nikaikunja barua, nikaiweka mfukoni, tukaongea habari nyingine.

Kesho yake, Jumamosi, mtoto aliruhusiwa. Mama yake alimpandisha juu kwetu kabla hata ya kuingia kwake. Alimweka mtoto mikononi mwa mke wangu, akanigeukia.

"Leta ile barua. Andika jina yangu. Ya kwanza, pale juu."

"Una hakika, mama?"

"Mutoto wangu atarudi kuoga mu ile maji? Andika."

*

Lakini barua ni maneno, na maneno ya wapangaji yanaweza kukaa kwenye faili. Nilitaka kitu ambacho mtu yeyote akikiona hawezi kukibishia. Kule Kenya, tulipotaka kujua choo cha nani kinavujia kisima cha nani, tulimimina rangi chooni na kusubiri. Mke wangu alikwenda dukani, akarudi na chupa zote za rangi nyekundu ya keki alizozikuta.

Alasiri hiyo hiyo ya Jumamosi tulijipanga. Mimi nilikuwa juu kwetu chooni. Yule kijana wa mizigo alikuwa chooni kwake. Mama Mkongomani alisimama bafuni kwake chini, na bibi wa Mexico alikaa kwenye kiti nje, akizikodolea macho zile nyasi, ndoo yake miguuni. Mke wangu alisimama katikati ya ngazi na kamera ya plastiki, ile ya kutumia mara moja na kutupa.

Nilimimina chupa mbili, nikavuta maji. Nikangoja, nikavuta tena. Kijana naye akamimina, akavuta. Nikahesabu dakika kwa saa yangu ya mkono, kama zamani.

Sauti ilitoka chini, kali. "Papa! Njo hii! Njo hii hapa!"

Nilishuka mbio. Bafu lake lilikuwa likipanda maji mekundu kama ya kuoshea nyama. Mke wangu akapiga picha. Tukatoka nyuma. Kwenye nyasi hapakuwa na kitu. Tulisubiri. Jua lilichoma. Kijana wa mizigo alileta maji ya kunywa. Baada ya kama nusu saa hivi bibi wa Mexico aliinuka kwenye kiti chake, akanyoosha kidole, akapiga ishara ya msalaba. Katikati ya majani ya kijani, ardhi ilikuwa ikitoa ute mwekundu polepole, kama kidonda.

Hakuna aliyeshangilia. Yule mama aliwatazama wanawe wawili wakubwa waliokuwa wamesimama pembeni, pekupeku, na akawaambia waende wakavae viatu. Kisha akaanza kulia, na bibi wa Mexico, ambaye hakuelewa neno lake hata moja, akamshika kichwa akakilaza begani kwake.

Jumatatu nilipata ruhusa kazini. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi zangu za Kiingereza mbele ya kioo, na nilipopiga simu jijini nilizisema zote bila kupumua. Alasiri mkaguzi alifika. Alikuwa mzee Mweusi wa Texas, mrefu, mwenye kofia pana na tochi kiunoni. Alizisoma picha tulizokuwa tumezisafishisha dukani Jumapili. Aliisoma ramani yangu ya nyuma ya kalenda, akaigeuza, akaona matangazo ya matairi, akaigeuza tena. Alikwenda mpaka kwenye manholi, shimo la kukagulia maji taka, lililokuwa ukingoni mwa maegesho, akaingiza chuma kwenye mfuniko, na mgongo ukamgomea. Nikamsaidia kuuinua. Akamulika ndani. Mabomba ya majengo mengine yalikuwa yakitiririka. La jengo la nne lilikuwa kavu, na buibui amelijengea mdomoni.

"Watu wa nyumba nane wakioga na kufua," akasema, "na hapa hakufiki hata tone."

"Yanafika kule nyuma," nikasema.

Alinitazama kwa mara ya kwanza hasa. "Umejifunza wapi kazi hii?"

Nikamwambia. Nilimtajia chuo, miaka, kisima, soko, bucha. Nilidhani nitamchosha, lakini hakuondoa macho. Nilipomaliza alinipa tochi yake.

"Basi nishikie hii, ofisa," akasema. "Twende tukazione hizo nyasi."

Ningependa kusema nilijizuia. Sikujizuia. Nilitembea mbele yake na tochi inawaka mchana kweupe, na machozi yakinitoka, nikashukuru kwamba alikuwa nyuma yangu.

*

Yaliyofuata yalikwenda haraka na kwa kelele. Mkaguzi alizungushia utepe wa manjano nyuma ya jengo, akabandika ilani kwenye mlango wa ofisi. Mwenye majengo alikuja kutoka Houston akiwa na gari kubwa la mizigo lisilo na mizigo. Alizunguka jengo mara mbili, akapita karibu yangu, akauliza kama mimi ndiye yule aliyemimina rangi. Nikasema ndimi. Alitikisa kichwa, akaenda kupigana na simu yake.

Mafundi walichimba handaki chini ya zege, wakilala chali ndani ya udongo mweusi. Walitoa kipande cha bomba la chuma kilicholiwa na kutu, kilichokatika katikati kabisa; udongo ule hunywea kiangazi na kuvimba mvua zikija, na mwaka hadi mwaka ulikuwa umelipinda mpaka likakatika. Tulitumia vyoo vya plastiki vilivyowekwa kwenye maegesho kwa wiki tatu. Mke wangu alitundika mtungi wa maji na sabuni kando ya kila kimoja, na alisimama hapo siku za mwanzo kama mwalimu wa zamu. Watoto walimwogopa. Waliosha mikono. Jiji lilikagua majengo mengine pia, na mawili yalikutwa na ufa kama wetu.

Hakuna mtoto mwingine aliyeumwa.

Mwezi wa kumi tulipata barua. Mkataba wetu haungeongezwa. Mkaguzi alinieleza kwamba naweza kulipeleka jambo hilo mahakamani, kwamba sheria haimruhusu mwenye nyumba kulipiza kisasi, na mke wangu alitaka tupigane. Tulibishana siku kadhaa. Mimi nilikuwa nimechoka, na safari hii tulifuata uchovu wangu. Tulihamia Garland, karibu na viwanda, kwenye nyumba ndogo ya kupanga. Sikupendezwa na ushindi wa namna hiyo, wa kuondoka na makochi juu ya gari huku waliobaki wakioga vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojisikia. Lakini yule mama hakuguswa, wala bibi wa Mexico, na siku ya kuhama walitubebea vyombo mpaka garini, bibi akiwa amejaza ile ndoo yake, iliyosuguliwa ikang'aa, nyanya na pilipili alizozipanda mwenyewe kwenye makopo.

Mkaguzi aliniachia karatasi yenye orodha ya masomo ambayo jimbo linataka mtu awe nayo kabla ya kufanya mtihani wa kazi ile. Nilikuwa nimeyasoma karibu yote, lakini kwa cheti ambacho hapa kilihesabiwa nusu. Nikajiandikisha chuo cha jamii. Kemia ilinishinda mara ya kwanza. Nilikaa darasani na vijana ambao ningeweza kuwazaa, wao wakiandika kwa kasi, mimi nikiwa na vidole vilivyonyauka kwa mvuke wa sinia. Nikairudia. Mtihani wa jimbo nao nikaufeli kwa alama chache, nikaufanya tena. Ilichukua miaka minne, na sinia niliziosha miaka yote minne. Asubuhi niliyoingia ofisi ya mji mmoja mdogo wa mashariki mwa Dallas kama mkaguzi, walinipa kofia ngumu, tochi na viatu visivyopitisha maji. Viatu ndivyo nilivyovifurahia zaidi.

Mwaka wa pili wa kazi hiyo nilipigiwa simu wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa yule mama. Alikuwa amehamia upande wa Fort Worth, kazi mpya ya kutunza wazee, na jengo jipya ambalo pipa la takataka lilikuwa halijazolewa wiki tatu na panya walikuwa wakiingia kwa jirani mwenye mtoto mchanga.

"Unataka nipige simu, mama?" nikamuuliza. "Kule si eneo langu, lakini nawajua watu."

"Hapana, Papa. Barua nimeisha andika mimi mwenyewe. Majirani wote bametia sahihi, na picha niko nazo." Nilisikia karatasi ikigeuzwa. "Nataka tu uniambie, 'panya' kwa Kingereza, wakiwa wengi, inaandikwa namna gani? Binti yangu iko masomo, na hii barua inatoka leo."

Nikaweka kijiko chini, nikamtajia herufi moja moja, naye akazirudia, akiandika.